Sauti imekauka miezi mitatu, tatizo liko kooni, picha ya kifua ya nini?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mke wangu ana miaka 36, tuko Mwanza. Sauti ilianza kukwaruza mwezi wa nne tukajua ni mafua, sasa hivi ni wa saba na bado, akiongea hewa inatoka nyingi sauti inatoka ndogo, na akinywa maji haraka anapaliwa. Sio mwalimu wala muimbaji, hajawahi kufanyiwa opareshini ya shingo wala kifua, hajawahi kuvuta sigara. Dokta wa masikio pua na koo kamuingiza kamera, akasema kamba ya sauti ya kushoto haitembei ila yenyewe ni safi, akaandika CT ya shingo na kifua. Tumebaki na maswali. Tatizo liko kooni, kifua kinapigwa cha nini? Kwanini tusiende moja kwa moja MRI ambayo watu wanasema inaona kila kitu? Eksirei ya kifua alishapiga, wakasema mapafu safi, moyo umetanuka kidogo. Mi nadhani ni uchovu tu, manake hata mimba ya mwisho alichoka sana akawa analala kwa kuegemea mito. Alafu mama mkwe anampa tangawizi na asali kila siku, kuna shida?

JIBU: Kaka salama, pole na kuuguza, mpe pole shemeji. Mimi kazi yangu ni kusoma picha, mgonjwa mwenyewe simshiki, kwahiyo haya yachukue kama ya kumuongezea nguvu dokta wenu na sio ya kubishana nae. Na nikuambie tu kwamba ile ya mito umeiandika kama kitu cha kupita, mi ndio imenikamata kuliko mengine yote. Ntaifikia.

Kwanza huyo dokta kaenda kwa mpangilio. Kamera kabla ya picha. Mwongozo wa madaktari wa koo wa Marekani wa mwaka 2018 unasema hivyo hivyo, mtu mwenye shida ya sauti asipelekwe CT (eksirei inayotoa picha za mwili kipande kwa kipande) wala MRI (picha ya sumaku) kabla koo halijaangaliwa kwa macho, na sauti ikipitisha wiki 4 bila kurudi basi koo liangaliwe, tena mapema zaidi kama kuna dalili mbaya. Maana sababu nyingi za sauti kukauka ni za kawaida na kamera inaziona palepale: vinundu vya watu wanaopayuka kutwa, asidi ya tumbo inayopanda, kansa ya koo kwa wavutaji, fangasi kwa wanaovuta dawa za pumu za steroidi bila kusukutua. Hizo hazihitaji mashine ya mamilioni. Naletewa watu wengi wamepigwa CT ya shingo, hakuna aliyewahi kuwaangalia koo, picha safi wanaambiwa hamna kitu, kumbe kuna kidonda kidogo juu ya kamba ambacho CT haiwezi kukiona hata uikodolee macho.

Sasa kwa shemeji kamera imeleta habari tofauti kabisa. Kamba ni safi lakini haitembei. Hapo swali sio tena koo lina nini, swali ni neva inayoendesha hiyo kamba imekwama wapi.

Hiyo neva ina safari ya ajabu. Inatoka kwenye shina la ubongo ikiwa ndani ya neva kubwa inayoitwa vagasi, inatoka nje ya fuvu kwa chini, inashuka shingoni pembeni ya mshipa mkubwa wa damu, inapita usawa wa koo kabisa ila haisimami, inaendelea mpaka kifuani, upande wa kushoto inazunguka chini ya upinde wa aota, ule mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, ndio inageuza kupanda tena katikati ya bomba la hewa na umio mpaka ifike kwenye kamba. Ni kama daladala ya kutoka Mwenge kwenda Makumbusho ikaamua ipitie Mbagala kwanza. Upande wa kulia inageuzia juu zaidi, chini ya mshipa unaokwenda mkononi, kwahiyo ya kushoto ni ndefu karibu mara mbili na ndio maana inapatwa na mabalaa mengi zaidi. (Twiga nae ana neva hiyohiyo, inateremka shingo yote mpaka kifuani inarudi tena juu, mita 4 na zaidi, kwa kazi ambayo ingefanyika kwa waya wa sentimita chache.)

Kwahiyo ukishaambiwa kamba ya kushoto imepooza, kifua ni sehemu ya koo. Chochote kinachokaa kwenye ile kona ya chini ya aota kinaweza kuikaba neva: kansa ya pafu la kushoto, mitoki ya kifuani iliyovimba kwa TB au limfoma, yaani kansa ya mitoki yenyewe, kansa ya umio ambayo kwa ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki sio ngeni, aota yenyewe ikivimba kama puto. Na shingoni kuna rovu na kansa ya tezi. Mgonjwa hasikii maumivu popote, anasikia sauti tu.

Na moyo. Hapa ndio nataka usome polepole.

Mwaka 1897 kule Vienna daktari anaitwa Norbert Ortner aliandika kuhusu wagonjwa waliopoteza sauti kwasababu ya moyo. Walikuwa na valvu ya mitro iliyosinyaa, hiyo ni valvu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Tundu likiwa dogo damu inarudi nyuma, chumba cha juu kinatanuka, presha kwenye mapafu inapanda, mshipa unaopeleka damu kwenye mapafu nao unavimba. Ortner yeye alidhani ni kile chumba kilichotanuka kinachoibana neva moja kwa moja, waliokuja baadae wakaona mara nyingi neva inabanwa kati ya huo mshipa wa mapafu na aota, maana nafasi ya hapo ni ya milimita chache tu. Mpaka leo tatizo linaitwa kwa jina lake. Ni nadra, hata kwa wenye valvu iliyosinyaa wanaopoteza sauti ni wachache, na vitabu vya Ulaya vinalitaja kama maajabu kwasababu wenzetu homa ya baridi yabisi ya moyo karibu wameiaga. Sisi hatujaiaga. Mtoto anaumwa koo, lile la bakteria, halitibiwi vizuri, miaka inapita, valvu inasinyaa taratibu, anakuwa mkubwa hajui chochote, na kama ni mwanamke mara nyingi mimba ndio inamuumbua, kwa sababu damu mwilini inaongezeka kwa karibu nusu na tundu dogo haliwezi kuipitisha yote. Anachoka, pumzi inakata, akilala chali anakosa hewa, anaomba mto wa pili.

Umeona sasa kwanini mito imenikamata.

Sisemi shemeji ana ugonjwa wa moyo, sina picha yoyote mbele yangu na wajawazito wengi wanachoka na kulalia mito bila kuwa na kitu. Ila weka vitu vitatu pamoja, kamba ya kushoto imepooza, moyo umetanuka kwenye eksirei, mimba ya mwisho hakuweza kulala chali, ningekuwa mimi dokta wake ningeomba eko ya moyo wiki hiihii, hata kabla ya CT. Eko ni ultrasaundi ya moyo, haina mionzi, haina sindano, kwa kawaida bei yake iko chini ya CT, na hapo Mwanza hospitali ya Bugando wanapiga. Kama huko nyuma aliwahi kuambiwa ana mlio kwenye moyo, au utotoni alikuwa na viungo vinavyovimba na kuhamahama, mwambieni dokta, hizo habari zinasahaulika kirahisi.

Hata ile eksirei msiitupe. "Moyo umetanuka kidogo" ni sentensi ya kuandikwa haraka, filamu yenyewe ina mengi zaidi. Chumba cha juu cha kushoto kikitanuka kinaonyesha kivuli cha pili ndani ya mpaka wa kulia wa moyo, ule mbonyeo wa kawaida wa upande wa kushoto unanyooka, na pale bomba la hewa linapogawanyika mara mbili pembe inapanuka kwasababu moyo unasukuma kutoka chini. Mpelekeeni msoma picha mumuulize hivyo tu, chumba cha juu kushoto kikoje, mshipa wa mapafu ukoje. Akiulizwa swali lenye mwelekeo ataangalia tofauti na alivyoangalia akiwa na foleni ya filamu mia mbele yake.

Nyie mko kanda ya ziwa, kwahiyo nigusie na kichocho. Kichocho cha tumbo cha muda mrefu kikishaharibu ini kinaweza kupandisha presha ya mapafu, na presha ya mapafu ikipanda sana, iwe imetoka kwenye valvu au kwingine, ule mshipa unavimba na neva inaweza kubanwa vilevile. Sio cha kukimbilia kwanza ila eko ikionyesha presha ya mapafu iko juu na valvu ni nzima, hilo nalo liingie kwenye mazungumzo.

Turudi kwenye CT. Ifanyike, hata kama eko itakuwa na majibu, ila ifanyike sawasawa. Fomu ikiandikwa "CT ya shingo, sauti imekauka" fundi atapiga shingo na ataishia juu ya mabega kama alivyofundishwa, ile kona ya aota haitaonekana kabisa, ripoti itarudi safi na hamtakuwa na wa kumlaumu. Fomu inatakiwa iseme hivi: kamba ya sauti ya kushoto imepooza, sababu haijulikani, naomba njia yote ya neva kuanzia chini ya fuvu mpaka chini ya upinde wa aota, kwa dawa ya kontrasti. Dokta wenu kaandika shingo na kifua kwahiyo kalijua hilo, wewe hakikisha tu mapokezi hawampunguzii kimoja ili bei ishuke, manake hilo linatokea sana kuliko unavyofikiri.

Kontrasti ni ya ayodini, inachomwa kwenye mshipa, mwili unapata joto ghafla na mtu anahisi kama amejikojolea, hajajikojolea. Kabla ya hapo wapime kreatinini waone figo, aseme kama ana pumu au aliwahi kupata mzio wa dawa hiyo, kama anatumia metformin ya sukari aseme, kama kuna uwezekano wa mimba aseme mapema sana. Na kama kuna rovu linaloshukiwa kuwa kansa, kontrasti inaweza kuchelewesha tiba ya ayodini ya mionzi kwa wiki kadhaa, kwahiyo tezi ichunguzwe kwanza kwa ultrasaundi. Kwenye mashine atalala dakika chache tu, ataambiwa apumue taratibu asimeze mate, kumeza kunatikisa picha ya koo. Kama anashindwa kulala chali awaambie mafundi kabla, sio aone aibu avumilie. Mkitoka ombeni CD, filamu zile za kuning'iniza dirishani zinabeba sehemu ndogo sana ya kilichopigwa na dokta wa pili hawezi kuzifanyia kitu.

Na ukiona ripoti inasema kimfuko cha pembeni ya koo upande wa kushoto kimepanuka na kamba imesogea katikati, usishtuke, hiyo ni sura ya kamba iliyopooza, yale yale aliyoyaona dokta wa kamera. Sababu itaandikwa kwingine, kama ipo.

MRI inaona kila kitu? Hapana kaka. MRI ni bingwa wa vitu laini na vya kichwani, lakini kifua kinapumua, moyo unapiga, shughuli yake inachukua nusu saa na zaidi na mapafu yenyewe haiyaoni vizuri. MRI inakuwa ya kwanza pale dalili zinaonyesha neva imeumia juu kabisa, yaani kwenye shina la ubongo au kwenye tundu la chini ya fuvu ambapo neva kadhaa zinatoka pamoja. Utajuaje? Hapo kamba haipoozi peke yake. Ulimi akiutoa unaenda upande mmoja, kilimi cha nyuma kimevutwa pembeni, bega moja limelegea, kumeza ni shida kubwa sio kupaliwa na maji tu, sauti imekuwa ya puani. Huko ndio kuna vimbe za nadra za neva na za mishipa ya damu zinazokua taratibu miaka mingi. Shemeji hujaniandikia hata moja ya hizo.

Kwa kuwa umeuliza kuhusu picha na sauti kwa jumla, niongezee mawili matatu ambayo sio ya shemeji lakini kuna mtu atasoma ya kwake humu.

Kuna kansa ya gegedu la koo, inaota kwenye pete ya chini ya kamba, mara nyingi kwa wanaume watu wazima. Kamera inaona uvimbe laini umefunikwa na ngozi nzuri tu, dokta akikata kipande cha juu anapata nyama nzima majibu yanarudi safi, CT ndio inaifichua kwasababu ndani ya uvimbe kuna chembe za chokaa zimetapakaa. Kuna mfuko wa hewa unaojitokeza pembeni ya koo, wapuliza tarumbeta wanatajwa sana, huo unaonekana vizuri mtu akipuliza kwa nguvu mdomo ukiwa umefungwa wakati anapigwa picha, na akikutwa nao mtu mzima lazima koo liangaliwe vizuri maana kansa ndogo inaweza kuwa imeziba mlango ndio hewa ikanaswa.

Ambayo mimi binafsi inanishangaza kuliko zote ni ya watoto wanaozaliwa wakalia kwa sauti ya kukwaruza toka uchanga, wanakua ngozi inakuwa nene, kwenye ukingo wa kope kunatokea vipele vidogo vimejipanga kama shanga. Urbach na Wiethe waliueleza ugonjwa huo Vienna 1929, ni wa kurithi, na kundi kubwa linalojulikana liko Afrika Kusini huko Namaqualand. Ukimpiga CT ya kichwa unaweza kukuta chokaa pande zote mbili za ubongo, sehemu ile inayohusika na woga. Sauti iko kooni, ushahidi uko kichwani. Ila mtoto mwenye sauti mbovu kwa kawaida ana mambo mengine, mojawapo ni vinyama vya kirusi cha HPV, hao kamera inawatosha, CT ya kifua ni pale inapohofiwa vimeteremka mpaka mapafuni.

Ultrasaundi ya shingo usiidharau pia. Kwa wanawake na watoto gegedu la koo bado ni laini kwahiyo unaweza kuona kamba zikicheza bila kuingiza kamera puani, kwa mzee wa kiume gegedu limekuwa mfupa halipitishi. Inaona tezi na mitoki ya shingo vizuri sana. Kifuani haifiki, hapo ndio inaishia. Na PET, ile picha ya sukari yenye mionzi, ina mtego wake, kamba nzima inafanya kazi ya wawili kwahiyo inawaka, iliyopooza inabaki giza, asiyejua historia ya mgonjwa anaweza kuandika uvimbe upande ambao ni mzima. Ndio maana fomu yenye maneno mawili inatuumiza sisi wasoma picha.

Ikitokea eko safi na CT safi, mmepata habari njema ila hamjamaliza. Wapo watu neva inapooza na sababu haipatikani, pengine kirusi, baadhi yao inarudi yenyewe ndani ya miezi sita mpaka mwaka. Hapo kamera inarudiwa, na ikija dalili mpya picha nazo zinarudiwa. Katikati ya kusubiri asikae bila sauti, kuna sindano ya kujaza kamba isogee katikati na kuna mazoezi ya sauti, amuulize dokta wake.

Eko ikionyesha valvu, kwenye ripoti tafuta ukubwa wa tundu la mitro, la kawaida ni sentimita za mraba 4 mpaka 6, likiwa 1.5 kushuka chini limebana sana. Tafuta na kipimo cha chumba cha juu cha kushoto na presha ya mapafu. Valvu ya hivyo inaweza kutanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, au opareshini, inategemea imeharibika kiasi gani, na anayeamua hilo ni dokta wa moyo, kwa rufaa ya Dar kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Sauti inaweza kurudi presha ikishuka mapema, ikichelewa sana sio rahisi. Na mpaka hapo mpango wa mimba nyingine usubiri, naomba hilo mlizungumze nyie wawili leo, sio baada ya majibu.

Akianza kuvuta pumzi kwa mlio, au kukohoa damu, au hewa kukata akiwa amekaa tu, hakuna kungoja tarehe ya CT, nendeni emejensi.

Tangawizi na asali ya mama mkwe haina ubaya, ila neva haiamki kwa tangawizi. Kinachomuumiza zaidi ni kunong'ona, watu wanadhani kunong'ona kunapumzisha sauti kumbe kunaichosha, aongee taratibu kwa sauti yake hiyohiyo ndogo. Na kuhusu kupaliwa, anywe kidogo kidogo akiwa amekaa wima, kidevu akiinamishe na kichwa akigeuze kushoto, upande uliopooza, ndio ameze, wengi wanaona tofauti siku hiyohiyo.